Kutoka afisa mradi hadi meneja wa mradi: stadi zipi zinamvusha mtu huku kwetu Kusini?

Mleta uzi (Mtwara Mjini)

Heshima kwenu, wakuu. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya wale ambao wameshavuka ngazi ya kuanza kazi: wameajiriwa kama maafisa mradi, wanaendesha mafunzo vijijini bila kusimamiwa, wanaandika taarifa za robo mwaka na wanarejesha masurufu kwa wakati, lakini kila nafasi ya meneja wa mradi inapotangazwa Mtwara au Lindi wanaitwa kwenye usaili, kisha anachukuliwa mtu kutoka Dar es Salaam au Arusha. Malalamiko kuhusu kujuana nimeyasikia, wala sina sababu ya kuyakanusha yote. Hata hivyo, kwa nilivyoona nikiwa upande wa wanaouliza maswali, wengi wetu tunazijua vizuri shughuli za mradi lakini hatujui jinsi fedha, muda na ununuzi vinavyoshikana. Ukimwuliza mwombaji alitekeleza nini, atakueleza mpaka umsimamishe; ukimwuliza kazi aliyokuwa ameikamilisha kufikia tarehe fulani ilistahili kugharimu kiasi gani, atakuelekeza kwa mhasibu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tusizungumze hewani. Mradi unajenga matangi 10 ya kuvuna maji ya mvua katika shule za msingi wilayani Newala. Bajeti ni shilingi milioni 120, yaani milioni 12 kwa kila tangi, na mpango kazi unasema yajengwe matangi mawili kila mwezi kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba. Ifikapo mwisho wa Agosti yalipaswa kuwa yamekamilika matangi 6, yenye thamani ya milioni 72. Yaliyokamilika ni 4. Fedha iliyotumika ni milioni 60.

Afisa mradi aliyezoea kulinganisha matumizi na bajeti peke yake ataandika kwamba tulipanga kutumia milioni 72, tumetumia 60, hivyo tumebakiza milioni 12. Mfadhili anafurahi, mkurugenzi anafurahi. Ukweli ni kinyume chake, kwa sababu kazi iliyofanyika ni ya matangi 4 ambayo kibajeti ni milioni 48, na ili kuipata tumelipa milioni 60. Kila tangi linatugharimu milioni 15. Tukiendelea hivyo, mradi mzima utafikia milioni 150, na kwa kasi hiyohiyo ya matangi 4 kwa miezi mitatu, la mwisho litakamilika katikati ya Januari, mvua ikiwa imeshaanza na watoto wakiwa wanayaangalia maji yakipotelea mchangani. Hesabu hii si ngeni wala si ngumu. Kugawanya 48 kwa 60 (kujua kila shilingi iliyotumika imeleta kazi ya kiasi gani) na 48 kwa 72 (kujua tumefikia wapi kwenye mpango) kunafundishwa darasani kabla ya kidato cha kwanza. Kinachokosekana ni mazoea ya kuweka tarakimu tatu mezani badala ya mbili: iliyopangwa, iliyotumika, na thamani ya kazi iliyokamilika.

Meneja ni yule ambaye tarakimu hizo zikishapatikana mwishoni mwa Juni, si mwishoni mwa Agosti, anauliza kwa nini, na anaamua. Huenda kokoto zinapandishwa uwanda wa Makonde, iliko Newala, kwa bei ambayo aliyeandaa bajeti akiwa ofisini hakuijua. Huenda ni maji ya kuchanganyia zege, maana ujenzi wa tangi la mvua unafanyika kiangazi, na kiangazi juu ya uwanda maji yananunuliwa. Sababu ikijulikana, kuna njia mbili au tatu: kupunguza idadi ya matangi kwa makubaliano ya maandishi na mfadhili, kupunguza ujazo wa kila tangi, au kuhamisha fedha kutoka kifungu kingine kama mkataba unaruhusu. Kukaa kimya mpaka taarifa ya mwisho nayo ni njia, na ndiyo inayochaguliwa mara nyingi.

Jambo la pili ni ratiba. Vitabu vinafundisha kutafuta mnyororo wa shughuli ambazo moja ikichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku hiyo, mbinu iliyotokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 katika viwanda na jeshi la majini. Ni mbinu nzuri na kila mmoja wetu aijue. Lakini huku kwetu ratiba inasomwa juu ya kalenda nyingine ambazo haziandikwi kwenye andiko la mradi. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na wa wafadhili wengi Januari. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili. Korosho zinaanza kuokotwa kuanzia Septemba na minada inashika kasi Oktoba na Novemba, na hapo vibarua, malori na hata viongozi wa vijiji wanakuwa na kazi moja tu. Kuna jando na unyago baada ya mavuno. Kuna Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma takribani siku kumi na moja, kwa hiyo mpango wa miaka mitatu uliochukua tarehe za mwaka wa kwanza utakuwa na makosa mwaka wa tatu. Ukiziweka kalenda hizo zote kwenye karatasi moja, unagundua kwamba kazi ya ujenzi inayohitaji nguvu za wananchi ina dirisha dogo kati ya Juni na Septemba. Mtu anayeweza kuonyesha karatasi hiyo kwenye usaili, na akaeleza alivyoitumia, hana haja ya kuogopa mwombaji wa kutoka Dar es Salaam.

Karibuni mchangie, na hasa mnipinge pale mnapoona nimekosea.

Mchangiaji (Lindi Manispaa)

Shikamoo, kaka mleta uzi, na asante kwa mada. Mimi ni afisa mradi katika shirika la kiraia, nina shahada ya maendeleo ya jamii, na swali langu ni la vyeti. Kila tangazo la kazi ninalolisoma linasema cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi kitakuwa sifa ya ziada. Ada zake kwa mshahara wa Lindi ni mzigo. Je, nianze na kipi, au nisubiri?

Mleta uzi

Marahaba, dada. Vyeti vina faida, lakini visomeke kwa mpangilio wa kazi ya mtu. PMP, cheti cha mtaalamu wa usimamizi wa miradi kinachotolewa na PMI, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, haiko wazi kwa kila mtu: mwenye shahada anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, na asiye na shahada anatakiwa awe na miezi 60. Ukishafaulu, kila baada ya miaka mitatu unatakiwa uonyeshe vipindi 60 vya kujiendeleza ili kibaki hai. Kwa anayeanza, PMI hiyohiyo ina CAPM, cheti cha ngazi ya chini yake, ambayo haidai uzoefu bali elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. PRINCE2, mbinu nyingine ya usimamizi wa miradi yenye vyeti vyake, ina asili ya Uingereza na inapendwa zaidi katika taasisi zenye taratibu nzito za idhini. Kwa sisi wa mashirika ya kiraia, iko Project DPro (zamani ikiitwa PMD Pro), iliyotungwa mahususi kwa miradi ya maendeleo, na ngazi yake ya msingi haina sharti la uzoefu.

Kwa hali uliyoieleza, ningeanza na Project DPro au CAPM, na wakati huohuo ningeanza kutunza daftari la miezi niliyoongoza kazi, likionyesha mradi, bajeti niliyoisimamia, watu niliowaongoza na jina la msimamizi anayeweza kuthibitisha. Watu wengi wanaofikia kuomba PMP wanatumia wiki nzima kutafuta kumbukumbu za mradi uliofungwa zamani ambao ofisi yake haipo tena. Kukopa fedha kwa ajili ya cheti kabla hujashika bajeti yoyote mkononi sikushauri.

Mchangiaji (mtumishi wa halmashauri, Mtwara)

Mleta uzi ametaja ununuzi kisha akaupita. Mimi nafanya kazi upande wa Serikali, na ningesema ununuzi ndio unaoua ratiba nyingi kuliko mvua. Tangu Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, zabuni za taasisi za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na shughuli ambayo haimo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka haiwezi kuibuka katikati kwa sababu tu fedha zimeingia. Maafisa wa mashirika yanayoshirikiana na halmashauri hawalijui hilo, wanakuja Machi wakitaka zahanati iwe imeezekwa kabla ya Juni, na wakielezwa hatua wanadhani wanazungushwa.

Kwa miradi ya shule na zahanati inayojengwa kwa njia tunayoiita force account, yaani taasisi kusimamia ujenzi yenyewe kwa kutumia mafundi, hakuna mkandarasi mmoja wa kubebeshwa lawama. Kuna kamati ya ununuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, na wajumbe wake ni walimu, wauguzi na wananchi wa eneo husika. Meneja mzuri katika mfumo huo ni yule anayeweza kukaa na mwalimu mkuu na kumwonyesha tofauti ya ankara, hati ya kupokelea mali na vocha ya malipo, kisha akamweleza kwa nini zote tatu zinatakiwa zionyeshe idadi ileile ya mifuko ya saruji. Hoja za ukaguzi ambazo nimewahi kuzijibu zilihusu hapo: saruji imepokelewa mifuko 150, iliyolipiwa ni 160, na mjumbe aliyesaini anasema alisaini kwa kumwamini aliyeleta. Stadi hiyo haimo kwenye mtihani wowote wa kimataifa, na ndiyo inayomfanya mtu aaminiwe na mkurugenzi.

Kwa vijana walio nje ya ajira rasmi, sheria inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana na wanawake. Kikundi kilichosajiliwa na kikapata kazi ndogo ya samani za shule kinajifunza ratiba na bajeti kwa vitendo, tena kwa fedha yake.

Mchangiaji (Nachingwea)

Wakuu, naona mnazungumzia matangi 10 wakati tunaishi juu ya kaburi la mradi mkubwa kuliko yote iliyowahi kushindwa nchini. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Ulikusudia kusafisha ekari zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya pauni milioni 25. Mwaka 1951 ulisitishwa na kiasi cha pauni milioni 36.5 kikafutwa kama hasara. Walileta matrekta, wengi wa waendeshaji wakiwa ndiyo kwanza wanajifunza, wakakuta visiki, udongo unaokauka kama saruji kule Kongwa, na mvua isiyofuata makadirio. Hawakuanza na mashamba madogo ya majaribio ya kutosha kabla ya kuagiza mitambo.

Ninalotaka kulisema kwa wanaotafuta stadi ni hili: kila andiko la mradi lina dhana zake, yaani mambo yanayochukuliwa kuwa kweli bila kupimwa, na kwenye bangokitita (logframe, jedwali la muhtasari wa mradi) yana safu yake ya mwisho kabisa upande wa kulia, ambayo wengi wanaijaza kwa sentensi moja ya "hali ya hewa itakuwa nzuri na wadau watatoa ushirikiano". Reli kutoka pwani hadi Nachingwea na bandari ya kina kirefu ya Mtwara vilijengwa kwa dhana kwamba karanga zitakuja. Reli iling'olewa baada ya kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari imebaki, na leo inasafirisha korosho, zao ambalo mpango ule haukulihesabu. Kwa hiyo mtu anaweza kukamilisha ujenzi kwa viwango vyote na mradi ukabaki umeshindwa, na kipande cha mradi ulioshindwa kinaweza kuwanufaisha watu kwa vizazi. Ukiwa afisa, unahesabu vilivyojengwa. Ukiwa meneja, unaulizwa vilibadilisha nini, na safu ile ya dhana ndiyo unayotakiwa uwe umeisoma kila robo mwaka.

Mchangiaji (Masasi)

Napingana kidogo na mleta uzi. Tarakimu ni muhimu, lakini miradi ya huku haikwami kwa hesabu, inakwama kwa watu. Mwaka 2013 Mtwara iliingia kwenye ghasia, Januari na tena Mei, kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Kihandisi bomba lilijengwa na likazinduliwa mwaka 2015, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wataalamu walishindwa kupanga ratiba. Lililokosekana ni mazungumzo ya mapema na watu waliotaka kujua wao watabaki na nini. Kwa kiwango chetu kidogo, jambo hilo linatokea kila siku: tangi linajengwa mahali ambapo ukoo fulani una makaburi, au mkutano wa hadhara unaitishwa asubuhi ya msimu wa kuokota korosho na meneja anahutubia viti.

Kuna na suala la umri ambalo vitabu vya kigeni havilijui. Kijana wa miaka thelathini anayepandishwa kuwa meneja atamsimamia fundi au dereva mwenye umri wa baba yake. Hawezi kumwambia mbele ya watu kwamba kazi yake haifai. Atamwita pembeni, ataanza na shikamoo, ataanza na yale yaliyofanyika vizuri, kisha atasema, "Mzee wangu, ukuta huu naona umepinda, tufanyeje?" Akijibiwa vibaya bado anatakiwa asimame kwenye viwango, na aandike barua. Wengi wanafanya nusu moja tu: ama wana adabu bila msimamo, ama wana msimamo bila adabu.

Mleta uzi

Mkuu wa Masasi, nakubali sehemu kubwa, ila sikubali kwamba watu na hesabu ni vitu viwili mbalimbali. Anayekwenda kijijini kueleza kwamba matangi yamepungua kutoka 10 hadi 8 bila kuwa na tarakimu za kwa nini, ataambiwa mawili yameliwa, hata awe na adabu ya namna gani. Mazungumzo ya mapema unayoyataja yanahitaji nayo tarehe, mhusika na kifungu cha bajeti, la sivyo yanabaki maneno ya kwenye andiko.

Kuhusu vihatarishi, ngoja niweke hapa mstari mmoja wa rejista jinsi ninavyotaka uandikwe, kwa mradi ule wa kubuni wa Newala:

Kihatarishi: malori kuadimika na nauli ya mizigo kupanda minada ya korosho inapoanza Oktoba. Uwezekano: mkubwa. Athari: matangi ya mwisho kukosa vifaa, kukamilika baada ya mvua kuanza. Hatua: vifaa vyote kufikishwa ghala la kata kabla ya 15 Septemba. Mwenye jukumu: afisa ugavi. Dalili ya kufuatilia: bei ya kukodi fuso kutoka Mtwara hadi Newala, iulizwe kila Jumatatu.

Mstari wa aina hii una mtu, una tarehe na una kitu kinachoweza kuulizwa kwa simu. Linganisheni na "mvua kubwa inaweza kuathiri mradi", ambao nimeukuta kwenye maandiko mengi. Mapema Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Wenye mradi uliokuwa unategemea mzigo wa njia hiyo walihitaji kuwa wameamua mapema ni siku ngapi wanaweza kusubiri na ni kipi kingeweza kununuliwa Mtwara au Masasi kwa bei ya juu kidogo.

Mchangiaji (Newala, fundi sanifu wa ujenzi)

Samahani, mkuu, mstari wako ni mzuri lakini hatua uliyoiandika itakuletea hasara. Nondo unaweza kuzileta zote mapema ukazifunika. Saruji usiilundike ghalani kwa miezi. Ikikaa kwenye unyevunyevu inaanza kushika na nguvu inapungua hata kama mfuko haujatobolewa. Ilete kwa awamu, iwekwe juu ya mbao, isiguse ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Vilevile, kwenye ratiba yako usisahau kwamba zege linamwagiliwa angalau siku saba na nguvu yake inapimwa siku ya 28. Kwa hiyo tangi lililomwagwa tarehe 25 Oktoba halijakamilika Oktoba hata kama picha yake inapendeza kwenye taarifa. Na maji ya kumwagilia siku hizo saba, juu ya uwanda, yanatakiwa yawe na kifungu chake kwenye BOQ, yaani orodha ya vipimo na gharama za ujenzi. Mara nyingi hayamo.

Mleta uzi

Ndugu fundi, hilo nalichukua, na mstari usomeke: nondo zote kabla ya 15 Septemba, saruji kwa awamu tatu kwa nauli iliyofungwa kwa mkataba tangu Julai. Nauli ikishafungwa, kupanda kwa bei kunakuwa tatizo la mwenye lori, ingawa lazima mkataba uwe na kifungu cha asipotokea.

Mchangiaji (Lindi Manispaa)

Nimefuatilia yote na nina swali moja la mwisho. Hayo yote yanamhitaji mtu aliyepewa bajeti. Mimi sijapewa. Nifanyeje ili nionekane nimeongoza kitu?

Mleta uzi

Dada, usiombe cheo, omba kipande. Katika kila mradi kuna kazi ambayo meneja haipendi: kuandaa mpango wa ununuzi, kufunga hesabu za mradi unaoisha, kuandika muhtasari wa kikao cha wadau na kufuatilia maazimio yake, au kuratibu mafunzo ya kata mbili kwa bajeti ya milioni nane. Mwombe msimamizi wako akukabidhi kimojawapo kwa barua pepe, ikitaja kiasi, tarehe ya mwisho na watu utakaowaongoza, kwa sababu kukabidhiwa kwa mdomo hakuonekani popote. Kila mwisho wa mwezi mpelekee ukurasa mmoja wenye zile tarakimu tatu, maamuzi uliyoyafanya, na maamuzi unayomwomba yeye ayafanye. Andika kwa Kiswahili kwa ajili ya kamati na kwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili, na wewe mwenyewe ndiye uandike zote mbili, maana meneja anayetafsiriwa taarifa yake hajui imesema nini.

Ukikamilisha, kwenye wasifu wako usiandike "nilishiriki katika utekelezaji wa mradi". Andika kwamba uliratibu mafunzo ya kata mbili kwa bajeti ya milioni nane, kwamba kata moja ilichelewa wiki mbili kwa sababu gani, na kwamba uliokoa au uliongeza kiasi gani na kwa idhini ya nani. Msaili akisoma hivyo atauliza swali la pili. Mradi ujao wa kwenu ukianza Julai, kipande cha kuomba ni mpango wa ununuzi, na uombe sasa, kabla bajeti haijapitishwa.